Mkunga Tanurini

Sheria haisemi mita mia, haisemi hamsini.
Inasema ufuko wa umma unakoma
pale mawimbi yalipofika
katika dhoruba kubwa kuliko zote zinazojulikana.
Nimeisoma mara nyingi ofisini, kahawa ikipoa,
na kila mara nakwama kwenye neno la mwisho.
Zinazojulikana na nani?

Basi tukaja Corveiro, pwani ya Galisia,
mimi na Uxío, mshika ufito wa kupimia,
na vigingi kumi na viwili vya saruji garini,
kila kimoja na namba kifuani kama mfungwa.

Kijiji kizima kilikuwa kimeugua kusahau.
Mwenye mgahawa hajui, babaye hakuwahi kusema.
Padri amezaliwa bara.
Mwenye hoteli ya ghorofa tatu akaapa
kwamba bahari ya hapa ina adabu zake,
haijavuka barabara hata siku moja.

Hermitas Louzao alikuwa jikoni akisugua kome.
Hakutukaribisha, hakutufukuza.
Alisukuma kiti kwa mguu.

Nikauliza kama fomu inavyouliza:
je, unakumbuka, au uliwahi kusimuliwa…
"Sikumbuki kitu."
Kome mmoja. Kome wa pili.
Uxío, mtoto wa watu, hana hili wala lile,
akasifia tanuri la mkate,
la mawe, jeusi, mdomo wazi.

Hapo mama akashindwa.
Hadithi nzuri ni kama chafya.
"Hilo? Hilo lilitoa mkunga!
Si mkunga wa kuzalisha, mkunga wa mwambani,
mnene kama paja la askari!
Nilikuwa na miaka sita. Maji yaliingia usiku bila hodi,
yakabeba kitanda, yakabeba nguruwe,
nguruwe akapita dirishani akitutazama
kama abiria wa daraja la kwanza.
Asubuhi mama kafungua tanuri awashe moto,
macho mawili haya hapa!"
Alicheka mpaka kisu kikamponyoka.

Kisha akanyamaza.
Kalamu yangu nayo.
Tukaelewana, sote watatu, kwamba nyumba ile,
tangu dakika ile, ilikuwa ufuko.

Ningeweza kuandika: shahidi hakumbuki.
Nimewahi kuandika uongo mkubwa kuliko huo
kwa watu wenye nyumba kubwa kuliko hiyo.
Dirishani niliiona hoteli, chini yetu, karibu zaidi na maji,
bendera zake nne zikipepea.

"Andika," akasema.
"Nikinyamaza, yule bwana atakuwa amesema kweli.
Lakini andika yote. Andika kwamba tulimla,
kwa viazi na pilipili nyekundu,
na mama alikula huku analia."

Fomu ina mistari mitatu tu.
Niligeuza karatasi.

Kigingi namba sitini na moja kipo nyuma ya kabichi zake.
Ameruhusiwa kukaa hadi kufa,
asiuze, asiongeze hata kibanda cha kuku.
Hoteli imekata rufaa.
Mwezi wa tatu nilipita tena kukagua:
amekianikia vitambaa vya kufutia vyombo,
na namba sikuweza kuisoma.