Jina la Pili

Jumapili, Muyeye, mabati yakitatarika kwa jua,
Mchungaji Kahindi alitusomea jina la mfungwa
wa nchi nisiyojua iko kaskazini ya nini.
Ulimi ulimkwama mara mbili. Tukarudia naye
polepole, kama mtu ajaribuye ufunguo wa nyumba ngeni.
Kosa lake: alikutwa akiomba jikoni kwake.

Nyevu alifungua pindo la leso,
akatoa mia mbili za mtihani wa mwanawe,
akazitia kwenye mkebe wa maziwa.
Nami karani nikaandika: mia mbili, bila jina.

Ndipo Dama akasimama kule nyuma, mtoto mgongoni.
"Na Maalim Famau, wa madrasa ya hapo kando?
Alichukuliwa usiku wa Jumanne.
Mkewe hajui yuko kituo gani. Tumsome naye?"

Benchi lililia. Mtu akakohoa.
Mwingine akasema, si kwa sauti: huyo si wetu.

Mchungaji akaitazama suruali yake,
pindoni bado ina tope la Sabaki
alikotuzamisha juzi, mmoja mmoja,
baada ya kutuuliza mara tatu: umependa mwenyewe?

"Ukimzamisha mtu kwa nguvu," akasema,
"hajabatizwa.
Amelowa tu."

Nikaitikisa kalamu, wino ulikuwa ukingoni.
Nikaandika jina la pili chini ya la kwanza.
Hili, tulipolisoma,
halikukwaza ulimi wa mtu.