Kipande cha Kwanza

Mzigo ulishuka na basi la usiku kutoka Dar,
bomba la karatasi ngumu, refu kama mtoto wa darasa la pili.
Karani wa stendi akauliza: ni ramani?
Nikasema, kitambaa.
Akalitikisa. Kitambaa gani hiki hakina uzito?

Nilikikunjua nyumbani, Pasua, juu ya jamvi.
Nyuzi za kaboni: mbili juu, mbili chini,
kama mkeka uliosukwa kwa sindano.
Shangazi Ndealilia, fundi cherehani wa Majengo,
alipapasa pindo, likafumuka mkononi mwake.
"Hiki hakishoneki. Bandika utepe kwanza, ukate katikati ya utepe.
Na si kwa mkasi wangu."

Nilikata kwa mkasi wake.
(Tangu siku ile haukati hata kanga. Ninajua, shangazi. Nitanunua mwingine.)

Nilitaka madigadi ya pikipiki.
Nilitaka na tanki, na kifuniko cha taa, na kila kinachong'aa.
Temu wa mafriji, aliyenipa kompresa kuukuu ya kunyonyea hewa,
alicheka mpaka akaweka bisibisi chini.
"Fanya bapa. Kisahani tu. Juu ya kioo."
Basi nikang'oa kioo cha kabati la vyombo.

Nta. Futa. Subiri. Nta tena.
Mara sita, kwa kipande cha fulana ya zamani,
hadi nikauona uso wangu, na balbu, na mjusi wa darini.

Kisha resini: gramu mia, kwa thelathini za kigumishi,
si thelathini na tano eti ikauke upesi.
Kopo la kwanza nililijaza, simu ikaita, nikajisahau.
Likachemka bila moto. Likafuka.
"Moshi ndani ya Moshi!" kaka yangu akapiga kelele,
nikalirusha uani, kuku wakatawanyika,
na kopo likabaki limejikunja kama sikio.

La pili nilichanganya kidogo, nikikwangua kingo,
dakika tatu kwa saa ya ukutani.
Brashi usiiburute. Gonga. Gonga,
mpaka kijivu kife na weusi ulowe.
Tabaka nne. Kitambaa cha kubandua. Sufi ya kunywa ziada.
Nailoni juu, mastiki kuizunguka.
Nikawasha kompresa.
Mfuko ukanywea, ukashika, ukawa ngozi.
Na mahali fulani: ssss.
Nilimtafuta mwizi huyo kwa sikio, shavu mezani, saa nzima,
kumbe ni pembeni, kwenye mastiki,
chini ya unywele wangu mmoja.

Ilikuwa Julai, mwezi ambao Pasua huamka na koti,
na resini, kama mimi, haipendi kuamshwa kwenye baridi.
Nikaifunika blanketi la mama,
nikaning'iniza juu yake taa ya vifaranga,
nikalala sakafuni.

Asubuhi, kabari ya mti pembeni. Tak.
Kikaachia, bila ugomvi.
Shubiri kwa shubiri, cheusi,
na vitundu vitatu vya hewa kona ya kushoto;
nilivihesabu, nikavihesabu tena, kana kwamba vingepungua.
Nikakipiga msasa kwa maji, barakoa usoni,
na bado mikono iliniwasha siku mbili, kama nimeshika upupu.

Mama, muuza maharage wa Kiboriloni,
alikiweka kwenye mizani yake.
Mshale ukashtuka kidogo,
kama mtu aliyesikia jina linalofanana na lake,
ukarudi kukaa.
Akajaribu kukivunja kwa goti. Akashindwa.
Akajaribu tena, sasa kwa hasira.
"Kinafanya kazi gani?"
Hakifanyi kazi, mama.

Akatazama chumba: kabati lisilo na kioo,
blanketi lenye doa la milele,
nje pikipiki, bado haina madigadi.
Akakichukua, akakipachika kabatini, mahali pa kioo.
Hakikutosha. Akakigeuza.
Hakikutosha upande wowote.
Akakiacha palepale.