Pesa za Karatasi

Walitupa dola laki moja zisizokuwapo,
mimi, Lucien na Odette Thibodeau,
tukazigeuza hisa katika chumba cha kompyuta
huku theluji ya Maine ikifuta uwanja wa mpira.

Lucien alitaka vipuri vya ndege.
Mimi chokoleti, kwa kuwa naijua.
Odette akasema: tununue kiwanda cha karatasi,
kile cha ng'ambo ya mto, cha baba.
"Nikiwa na hisa," akacheka, "atakuwa kibarua wangu."

Wiki sita hisa zikalala fofofo.
Tulikuwa wa arobaini na moja jimboni.

Kisha Jumanne, kabla ya kengele ya pili,
mstari ukapanda. Ukapanda tena.
Lucien akapiga meza, Mwalimu Pelkey akatupa mikono,
wa tatu! tumekuwa wa tatu!
na hakuna aliyeuliza tumepandishwa na nini
mpaka Odette aliposoma maandishi madogo chini ya mchoro:
mashine mbili zinazimwa,
wafanyakazi mia mbili na kumi wanapunguzwa,
soko limefurahi.

Kufa kufaana.

Hakulia. Alihesabu kwa vidole
miaka kumi na tisa ya zamu ya usiku,
harufu ya mayai viza isiyotoka kwenye koti.
"Tuuze?" nikamnong'oneza.
"Ya nini? Bei bado inapanda."

Cheti kilikuja mwezi wa Mei,
karatasi nzito, nyeupe, ya fahari.
Odette akaiinua dirishani, kwenye mwanga,
akaitafuta chapa iliyojificha ndani
kama alivyofundishwa na baba.