Arusi ya Nani

Salalah. Ghala la ndizi la zamani, nyuma ya Hafa.
Mvua ya khareef, ile isiyoamua kunyesha,
imelowesha viatu vyetu vyote mlangoni.
Mimi nimeitwa kutafsiri:
riali kumi na tano kwa saa, chai juu yao.

Wa kwanza Litia, wa visiwa vya kule
jua linakoingilia kazini.
Hakusalimia mtu. Kakunja goti,
katandaza gome la mforsadi juu ya gogo,
kaanza kuligonga kwa nyundo ya mti.
Ta. Ta. Ta-ta.
Kalamu mkononi. Niandike nini?

Kila pigo, gome lilipanuka kidogo.
Aliposita kupumua alitaja neno moja,
jina la kijiji.
Samaki ndio wanaokaa huko siku hizi.

Akafuata Tuful wa milimani
na mita tatu za waya wa uzio,
waya ule ule uliokata njia ya kisima chao.
Akaufunga kiunoni kama mkanda wa dhahabu
akaita ng'ombe wake kwa Kishehri, mmoja mmoja,
kumi na wawili,
kwa lugha isiyo na daftari shuleni.
Nami Kishehri sikijui.
Nikamgeukia Litia, nikafungua mdomo,
nikaufunga.

Mkobani nilikuwa na pembe ya nyati,
vugo la bibi.
"Itupe," kaka alisema tulipohama Matrah,
"watu watatuonaje?"
Nikaificha miaka minane nyuma ya sahani za maulidi.
Sijui kwa nini niliibeba siku ile.
Najua.

Nikaipiga. Kwanza kwa haya,
kama mdaiwa anayebisha hodi.
Nyundo ikanisogezea nafasi.
Tuful akatikisa kiuno, waya ukalia,
na sauti tatu zikapishana
kama wanawake jikoni penye moto mmoja,
huyu anainua chungu, yule anainamisha kichwa,
hakuna anayeungua.

Mara dirisha la ghorofa ya juu likafunguka.
Sauti ya mwanamke, kavu, ya kikubwa,
Kiswahili cha Pemba, hata vumbi hakijashika,
mtaani hapa nilipodhani niko peke yangu:
"Nyie! Arusi ya nani hiyo?
Mbona sikualikwa?"

Nikawatafsiria wenzangu.
Ndiyo kazi pekee niliyoifanya usiku ule.

Litia hakuacha kugonga.
Tuful akafuta jasho kwa kiganja:
"Mwambie ashuke.
Mwambie viatu avivulie huko huko,
hapa vinalowa."