Sehemu ya Kumi na Tisa

Jina lake halisi hatulijui.
Jalada lilichanika kabla halijafika Newala,
ikabaki nusu ya nyota na kidole cha mtu,
basi tukaiita Ile ya Chombo.
Kiingilio mia moja, au kopo la korosho
kama pesa za mnada zimechelewa.

Sehemu mbovu kuliko zote?
Nandule hangoji swali liishe.
Ya tisa! Ile waliyooga!
Mwaka mzima angani, hakuna kisima, hakuna mvua,
halafu yule daktari anafungua bomba,
anasimama chini yake anaimba,
maji yanakwenda, yanakwenda,
na hakuna hata beseni la kuyakinga.
Jioni ile Nandule alikuwa ametoka bondeni na ndoo,
shingo bado imekaza.
Alinyanyuka, akadai mia yake.

Mchopa anasema hapana, ya tano.
Wanafika kwenye shimo la kutisha, muziki unalia,
nahodha anatetemeka ukingoni.
Kibanda kizima kiliangua kicheko.
Kesho yake ukutani palikuwa na chaki:

Nahodha una kiroja, kushangaa kishimoni,
Letu lipo, twakungoja, ulione ukunguni,
Utaishiwa na hoja, urudi kwenu angani,
Roboti wako mmoja, tumpe kazi shambani.

Sehemu nzuri, sasa. Hapo ndipo mabenchi huanguka.
Wapo wa ya pili, roboti alipojifunza kulia
akavuja oili mpaka kwenye viatu.
Somoe, aliyekuwa akiuza kashata mlangoni
akitazama kwa jicho moja, jingine kwenye sinia,
anaitetea ya kumi na nne.
Ambayo hakuna anayekufa. Wanakula tu!
“Watu saba, nyama vipande sita,” anasema,
“na sahani imezunguka meza nzima
ikarudi na sita. Hukuona?”
Sikuona.

Lakini ugomvi wenyewe ni ya kumi na tisa.
Mtafsiri wetu, kijana wa Masasi,
sauti kama mfuniko wa sufuria,
aliyetuvusha sehemu zote kumi na nane
kwa matusi yake mwenyewe na salamu kwa mashemeji,
pale alinyamaza.
Labda alilala. Labda hawakumlipa.
Nahodha yuko dirishani, dunia ndogo kama punje ya mtama,
anasema, anasema, dakika nne,
Kiingereza kitupu.

Wizi, alisema Mchopa.
Nandule: hiyo ndiyo nzuri, anamtaka radhi mkewe.
Somoe: anawataja waliokufa, sikiliza anavyopumua.
Mama aliingia kibandani siku hiyo moja tu,
na fimbo, kunitafuta.
Alisimama nayo mpaka mwisho.
Njiani hakunichapa.
Baba alikuwa ng'ambo ya Ruvuma, mwaka wa tatu.
“Yule,” alisema karibu na nyumbani,
“anamwambia mtu kwamba chakula kimefunikwa.”

Mwaka jana, mjini Mtwara, niliipata
kwenye simu ya mtu, nzima, haina mtafsiri.
Kiingereza sasa nakijua.
Nahodha anasoma namba.
Tangi la kwanza, tangi la pili, presha, joto,
tangi la tatu lina ufa.
Niliirudia mara mbili, nikitafuta mke,
nikitafuta wafu, nikitafuta sahani.

Nimerudi Newala korosho zikianikwa.
Nandule ana mvi, na bomba uani
linalotoa maji Jumanne, likipenda.
Bado wanabishana.
Wakaniwekea kiti: wewe uliyesoma, amua.
Nilimtazama mama akichambua korosho,
mkono umesimama juu ya ungo.

Nikasema hata kule mjini
sauti ya pale imeharibika.

Mkono ukaendelea.
Mchopa akapiga paja lake kwa furaha:
“Si niliwaambia? Wizi!”