Fomu ya Mwaka wa Pili

Fomu ina visanduku vinne.
Mwisho Ijumaa.
"Uimbaji," kasema mama, "koo ni la kwetu."
"Kinanda," kasema Mwalimu Shemhilu,
"watoto wa Raskazoni wanalipa kwa saa."
Utunzi niliuacha mwenyewe:
sijui kumaliza.

Usiku wa harusi Makorora umeme ulikatika,
vipaza sauti vikafa, fidla ikabaki kama mbu,
na chini yake kitu kikaendelea kutembea,
dum, dum, taratibu kama mwenye nyumba.
Nilikuwa na miaka tisa;
nikakumbatia ubao wake mpaka meno yakatetemeka.

Besi.
Nimetia alama, nikaikoleza.

Shangazi Mwanamkasi kacheka:
"Hilo kabati utalipandisha ghorofani na nani?"

Sijui, shangazi.
Bado sijapata hata nyuzi.