Fungu la Kumi na Nne

Mimi ni karani wa gombolola.
Naandika wasemayo walioketi mbele,
nafuta wanapojuta.

Leo ni bajeti. Mvua ya Bududa inapiga mabati
hadi Mhasibu Wandeba anasoma tarakimu kwa kelele
kama mtu anayegombana nazo.
Fungu la kumi na tatu: chai na mandazi ya wageni.
Fungu la kumi na nne: hifadhi ya ardhi, milioni moja na laki mbili.
Fungu la kumi na tano: tairi za pikipiki ya afisa kilimo.
Kumbe mlima wetu mzima umekaa hapo,
baina ya mandazi na tairi.

Bi Namutosi anasimama mstari wa nyuma,
matope yamemfika magotini,
mkononi fimbo iliyochanjwa kwa kisu.
"Ufa ulio juu ya shule. Hii alama ni Machi, upana wa kidole.
Hii Aprili, kiganja.
Hii nimeichanja leo alfajiri:
mguu wangu ulizama mpaka kifundoni,
nikaomba radhi, nikauvuta.
Semeni sasa, fedha itatoka wapi?"

Diwani Kuloba: tozo ya kahawa,
shilingi mia mbili kwa kila gunia.
Wenye magunia wakakohoa kwa pamoja.
Mmoja akauliza, hiyo kahawa imebaki na nini?
Mchukuzi kaifyonza, ushirika kaifyonza,
mkulima anaachiwa harufu.

Basi tukope, akasema kijana wa parokia ya juu,
tuweke mlima dhamana.
"Benki gani," Wandeba akavua miwani,
"hupokea dhamana inayotembea?"

Akatajwa mgao wa malango ya mbuga.
Watalii hulipa kutazama maporomoko ya maji;
ya udongo sisi twayatazama bure,
tena kwa karibu.
Barua tumeandika. Nakala ninayo. Jibu sina.

Ikabaki ruzuku ya Kampala.
Ya mwaka jana ilifika mwishoni mwa Mei
ikiwa na masharti marefu kuliko yenyewe:
mikalitusi tu, na kwa mzabuni aliyeorodheshwa.
Miche ilishushwa hapa mikavu, risiti mbichi.
Juni thelathini, iliyosalia ikarudi hazina
kama mgeni aliyekataa kulala.

Kimya. Mvua.
Namutosi hajaketi.
"Karani, nisomee la mwisho kabisa."
Nikasoma. Fungu la arobaini: Mengineyo, milioni tisa.
"Huyu Mengineyo ni nani?
Ni mtoto wa nani, wa ukoo upi?
Nyumba yake iko chini ya ufa?"

Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti Nabifo hakucheka.
Alitazama kalamu yangu, si uso wangu,
akaniambia pole pole, andika:
milioni nne zitoke kwa Mengineyo ziende la kumi na nne.
Mitaro ya kukinga maji, majani ya ng'ombe kingoni,
mianzi pale juu, ishike udongo
na itupe malewa.
Wachimbaji watoke vijiji vya chini ya ufa,
walipwe kila Ijumaa, mbele ya watu.
Wandeba akanong'ona kuhusu idhini ya wilaya.
Andika na hilo, akasema.

Mikono ikainuka. Sikuhesabu kumi na moja mara moja;
nilihesabu mara tatu, kwa kutoamini.
Milioni nne hazitoshi. Kila mtu alijua.
Hakuna aliyeniambia nifute.

Wakati wa kutoka, Namutosi akaweka fimbo mezani pangu.
"Iambatanishe."
Haiingii kwenye faili, wala kabati halifungi nayo,
nimeisimamisha kando ya dirisha,
nimeifunga karatasi kwa uzi: Kiambatisho A.
Juu ya alama ya leo
imebaki nafasi ya kiganja kimoja.